Sura ya Tisa Niliyoiruka

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu. Vilinizidi kwa vidole viwili, nikavijaza magazeti kwa mbele. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru, na maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja mjini Kisii chenye madirisha matatu na rafu za rangi ya kijivu. Msimamizi wa Tawi alikuwa amesimama mlangoni. Hakunisalimia. Alivitazama viatu, akaitazama mikono yangu pande zote mbili kama mtu anayechagua ndizi sokoni, kisha akasema, "Utafaa. Msichana mwenye kucha safi tayari ni nusu mkutubi."

"Na nusu ya pili, bwana?"

"Kunyamaza."

Basi nikanyamaza, nikaanza kujifunza. Vijana wa siku hizi wanaodhani mkutubi ni mtu wa kukaa na kusema "shhh" wangeshangaa. Kila kitabu kipya nilikibandika mfuko mdogo wa karatasi ya kaki ndani ya jalada, na ndani ya mfuko nikatia kadi yenye jina la kitabu. Msomaji akiazima, kadi inatoka na kupangwa kwenye trei kwa tarehe, na kitabu kinapigwa muhuri. Migongo iliyovunjika tuliigundisha kwa uji wa unga wa ngano uliotiwa dawa ya kuzuia mende. Mende wa Kisii walikuwa wasomaji wakubwa. Walianza na jalada na hawakuacha hata maelezo ya mchapishaji.

Msimamizi alikuwa na mpangilio wake ambao hamtaupata katika chuo chochote. Wasomaji aliwagawa makundi matatu: wenye viatu, wenye akala za tairi, na wenye miguu mitupu. Wenye viatu waliruhusiwa kuazima riwaya. Wenye akala walisoma mezani. Wenye miguu mitupu walisoma gazeti wakiwa wima. Siku moja nilimuuliza sababu.

"Si ubaguzi," akanijibu. "Ni mpangilio. Mbona vitabu tunavipanga na havilalamiki?"

Niliona ana akili sana. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, na nilikuwa na viatu.

Kitu alichokipenda kuliko vitabu vyote kilikuwa sanduku la kufukizia. Lilikuwa sanduku la bati lenye rafu ya matundu, na chini ya rafu kulikuwa na kisahani cha formalini, dawa kali inayotoa mvuke wa kuua vijidudu. Kanuni ilisema kitabu kikitoka katika nyumba yenye ugonjwa wa kuambukiza lazima kifukizwe kabla ya kurudi rafuni. Msimamizi aliifuata kanuni hiyo kwa bidii kupita kiasi. Aliwahi kuifukiza kamusi kwa sababu mwazimaji alipiga chafya mlangoni. Kwa mwezi mzima kila aliyetafuta maana ya neno alilia machozi.

Mwaka wangu wa tatu kazini tukaletewa gari la maktaba, lenye rafu ndani na ngazi ya mbao nyuma. Nikapewa gari hilo pamoja na dereva wake, Bwana Athumani, mtu wa Pwani aliyeumizwa sana na Kiswahili chetu. "Si *bitabu*, dada Moraa! Vitabu! Vitabu!" Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Kiogoro, na hapo alimkuta mzee mwenye ndevu nyeupe akamwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, baba." Sasa kwa Ekegusii "baba" ni mama. Baba ni "tata". Mzee aliniuliza kwa lugha yetu kama dereva wa serikali amepimwa macho. Tangu siku hiyo Athumani aliita kila mzee tata, hata huko kwao alipokwenda likizo, na baada ya mwaka mmoja alikuwa anasema bitabu bila kujisikia.

Jumatano ilikuwa siku ya Nyamira. Asubuhi tuliwahudumia makarani wa ofisi za mjini, kisha tukapanda barabara ya upande wa Itumbe hadi kituo kimoja cha kununulia majani ya chai. Kilikuwa paa la mabati juu ya nguzo, na mzani ukining'inia katikati. Wakulima walileta majani mabichi kwa vikapu, karani wa majani akapima na kuandika, halafu wote wakangoja lori la kupeleka kiwandani. Lori lilitakiwa kufika saa nane. Lingeweza kuja saa tisa, au saa kumi na moja, au likaja siku ambayo hakuna aliyeliita. Watu wapatao arobaini walikaa hapo wakitazamana, na wakichoka kutazamana waligombana.

Ni karani wa majani aliyeniomba. "Mwalimu," alisema, maana kila mwenye kitabu aliitwa mwalimu, "wasomee hawa kitu chochote. Wataniangushia mzani."

Maktaba yetu ilijaa riwaya za zamani za Kiingereza tulizopewa msaada. Zote zilihusu shida: njaa, baridi, migodi iliyofungwa, yatima na mvua. Sijui kwa nini waliotutumia vitabu walituchagulia shida tupu. Labda walidhani tutajisikia nyumbani. Nilichukua kimoja chenye jalada la kijani, kisa cha mwanamke mfuaji nguo jina lake Marta, katika mji wa wachimba makaa. Mgodi umefungwa, watu hawana kazi, na kwa kuwa Marta alizaliwa ng'ambo ya mto, wenyeji wanasema yeye ndiye aliyewaletea mkosi. Nilisoma kimoyomoyo kwa Kiingereza na kusimulia kwa Kiswahili, na niliposhindwa niliingia Ekegusii.

Sikumaliza kurasa tatu kabla Mzee Ombati hajainua mkono. Huyu alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, mwenye koti jeusi alilolivaa kanisani na kwenye majani vilevile.

"Mwalimu, huyo Marta anafua siku gani?"

Nikatazama kitabu. "Kila siku, tata."

"Hata Jumamosi?"

"Hata Jumamosi."

Mzee Ombati akaegemea nguzo kwa utulivu mkubwa. "Basi mgodi haukujifunga wenyewe."

Mama Kemunto, mwenye kibanda cha chai kilichopakana na kituo, akatoa kichwa dirishani. Yeye alikuwa Mkatoliki. "Na Jumapili je? Anafua Jumapili?"

"Anafua pia."

"Ahaa! Hiyo alifundishwa na Wasabato."

Karani alilazimika kugonga mzani kwa fimbo kurudisha amani. Lakini Jumatano iliyofuata wote walikuja mapema, na hakuna aliyeuliza habari za lori.

Wiki ya nne tukafika mahali pazito. Muoka mikate wa mji ule anamkataza Marta kusimama dukani pamoja na watu. Anamuuzia mkate kwa dirisha la nyuma, ili mkono wake usiguse meza. Kituo kizima kilichafuka. Mzee Ombati alisimama na koti lake. "Huyo muoka mikate hana roho!" Wanawake wawili walijifuta machozi kwa kanga. Mama Kemunto alikasirika mpaka akamwaga chai. "Angekuja hapa, wallahi, ningemnyima hata maji!" alisema, neno ambalo alilipata kwa Athumani. Na huku akiendelea kumlaani muoka mikate, alinyoosha mkono kwenye dirisha dogo la upande wa pili, akiwa ameshika mkebe wa siagi wenye chai, akampa mwanamke aliyekaa nje, kwenye ukingo wa mabati.

Mwanamke huyo aliitwa Bosibori, na nilikuwa nimemwona kila Jumatano. Alikuwa na umri kama miaka thelathini, na alikuwa na kifafa. Kikapu chake kilipimwa mwisho, watu walipokwisha kuondoa vyao. Mkebe wake ulitundikwa kwenye msumari wa peke yake. Iliaminika kwamba ukikanyaga mahali alipoangukia, ugonjwa unakupanda. Nami niliambiwa hivyo tangu utoto, na nitasema ukweli: nilipopanda ngazi ya gari nilizunguka kwa upande mwingine, na sikujiuliza kwa nini.

Ni yeye aliyepaza sauti kutoka nje. "Mwalimu, naomba kuuliza. Huo mkate wa dirishani, ulimfikia ukiwa moto? Kwa sababu chai ya dirishani hufika imepoa."

Kicheko kilianza upande mmoja kikafa kabla ya kufika upande wa pili. Karani akaanza kuusoma mzani uliokuwa mtupu. Mama Kemunto aliutazama mkono wake, ambao bado ulikuwa nje ya dirisha, kama mkono wa mtu mwingine. Mwishowe Mzee Ombati akakohoa, akasema, "Endelea, Mwalimu. Lori litatukuta."

Nisidanganye kwamba mambo yalibadilika papo hapo. Jumatano iliyofuata Mama Kemunto alimpa Bosibori chai yenye moto wa kuunguza ulimi. Dirisha likawa lilelile, na mkebe uleule. Tulianzia hapo, kwenye joto la chai.

Jumatano hiyo hiyo ya chai ya moto, wengine walipokuwa wakipakia lori, Bosibori alikuja nyuma ya gari letu. "Nataka hicho kitabu."

"Unasoma Kiingereza?"

"Nilifika darasa la saba. Nikaanguka katikati ya mtihani wa hesabu, wakaniambia niende nyumbani mpaka nipone. Bado nangoja waniite."

Nikampa fomu. Kila mwazimaji alihitaji mdhamini, yaani mtu wa kusimama badala yake kitabu kikipotea: chifu, mwalimu au mzee wa kanisa. Bosibori aliisoma fomu yote, akaniangalia. "Nani kati ya hao atashika kalamu niliyoishika mimi?"

Wafanyakazi hatukuruhusiwa kudhamini. Athumani akatoa kichwa kule mbele. "Dada Moraa, mpe tu hicho kitabu! Akikosa wa kusaini, Mungu atasaini." Nikampa, kwa ahadi kwamba atakirudisha Jumatano ili niendelee kusoma. Kadi ya kitabu niliitia kwenye mkoba wangu badala ya trei. Kwa mkutubi, hilo ni kama kasisi kutoka na sadaka.

Habari zilimfikia Msimamizi kabla ya Jumatatu. Aliyempelekea simjui hata leo. Aliniita, akafunga mlango na madirisha yote matatu.

"Kifafa kinaambukiza?" aliniuliza.

"Sijui, bwana."

"Wala mimi sijui. Kwa hiyo tutafukiza." Akapiga sanduku lake la bati kofi la upendo. "Jumatano nitakuja mwenyewe. Kitabu nikikute mkononi mwako. Nisipokikuta, ufunguo wa gari utaniachia pale pale, utafute kazi ambayo haina kanuni."

Nilikuwa na mama wa kumtunza na wadogo zangu wawili shuleni. Sikulala vizuri siku hizo mbili.

Jumatano tuliwahi kutoka. Athumani alisimamisha gari chini ya kilima, nikapanda kwa miguu hadi kwa Bosibori. Nilimkuta akipalilia migomba. Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kitabu alichokivika jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, lililokunjwa vizuri kuliko nilivyokunja mimi. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Uliruka sura ya tisa."

"Sura gani?"

"Ulituletea ya nane, ukaja na ya kumi. Mimi hesabu ndiyo iliyoniangusha, siisahau."

"Sura ya tisa haina maana sana, Bosibori."

"Sura ya tisa anaiba sabuni."

Ndivyo ilivyokuwa. Katika sura hiyo Marta, anayefua nguo za kasisi wa mji, anaiba mche wa sabuni nyumbani kwa kasisi huyo, anadanganya kwa uso mkavu, na kwenda zake akicheka. Niliipita kwa sababu nilimjua Mzee Ombati. Nilihofia kwamba watu waliochukua wiki kadhaa kumpenda Marta wangemtupa kwa mche mmoja wa sabuni. Nikamweleza hivyo.

"Kwa hiyo ukawapa malaika," Bosibori alisema. "Malaika ni rahisi kumlilia, hafui, hali, hajibu. Mimi nina mdomo mchafu, Mwalimu. Juzi nilimrushia Mama Kemunto mkebe wake na chai ndani. Sasa, mpaka niwe mtakatifu ndipo nikae chini ya mabati kama mtu?"

Nilikaa kwenye jiwe. Nilikuwa nimeshika kazi ya vitabu miaka kadhaa, na hakuna aliyewahi kunisahihisha hivyo, wala Msimamizi na muhuri wake. Nikamwambia kwamba mkubwa wangu anakuja kukifukiza kitabu kwa sababu yake. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka akashikilia mgomba.

"Anakuja kukipiga dawa? Basi acha niwasomee hiyo sura kabla hakijafa."

Tulipofika kituoni nilitangaza kwamba leo nitasomewa pamoja na wengine. Bosibori alisimama kwenye ukingo wa mabati, nusu ndani nusu nje, akafungua kitabu. Manung'uniko yalipita. Mtu mmoja akauliza, "Yaani Mwalimu amekosa sauti?" Mzee Ombati alichukua kigoda chake akarudi nyuma hatua mbili.

Jamani, yule mwanamke alisoma. Hakupita Kiswahili kabisa. Aliitoa kwenye Kiingereza na kuimwaga katika Ekegusii kama aliyeandikiwa yeye. Kasisi alimpa sauti ya puani, na mpishi wa kasisi akampa sauti ya Mama Kemunto, na kila mtu akaitambua ila mwenyewe. Mpishi anahesabu miche ya sabuni: jana sita, leo mitano. Mzee Ombati akasogeza kigoda mbele hatua moja. Mpishi anahesabu tena. Akasogeza nyingine.

Hapo lori likafika. Likapiga honi. Hakuna aliyegeuka.

"Majani!" karani akapiga kelele. "Jamani, majani!"

"Lori lingoje," akasema Mama Kemunto. "Sisi tumelingoja tangu mwaka jana."

Kasisi anamsimamisha Marta mlangoni. Anamwambia afungue aproni. Marta anaweka mkono kwenye kamba, na Bosibori akanyamaza. Tulidhani anatutesa kwa makusudi. Kisha kitabu kikamponyoka, naye akaanguka.

Watu walitawanyika kama kuku. Vikapu vitatu vilipinduka. Nami nilirudi nyuma pamoja nao. Ni Athumani aliyepita kati yetu akikimbia. "Mgeuzeni ubavu! Msimshike kwa nguvu, msimtie kitu mdomoni! Dada yangu alikuwa hivi hivi, ni kungoja tu. Nipeni kitu laini cha kichwa!"

Nilipapasa sweta yangu. Kabla sijaivua, koti jeusi lilipita mbele ya macho yangu. Mzee Ombati alikuwa amepiga magoti palepale, mahali ambapo sote tulifundishwa kutopakanyaga, akilikunja koti lake la kanisani chini ya kichwa cha Bosibori. Alikuwa anaogopa sana, niliona. Lakini hakuondoka.

Zilikuwa dakika chache, ndefu kuliko mwaka. Mwili ukatulia. Athumani na mzee wakambeba wakamlaza ndani, chini ya mabati. Mama Kemunto alitoka mbio na maji, na katika haraka hiyo alichota kwa kikombe cha kwanza alichokishika, kikombe cha wateja. Bosibori akafumbua macho. Watu arobaini walikuwa wamerudi, hawajui waangalie wapi.

Mzee Ombati akainama. "Bosibori," akasema. Sikuwahi kumsikia mtu yeyote pale akimwita kwa jina lake. "Bosibori, mwanangu. Alifungua ile aproni, au hakufungua?"

"Tata, ngoja nipumue."

"Pumua, pumua. Hatuna haraka."

Lori likapiga honi.

"Alifungua," akasema Bosibori taratibu. "Hakukuwa na kitu. Sabuni alikuwa ameitia kwenye mfuko wa suruali ya kasisi, ndani ya kapu la nguo alilolibeba kichwani. Kasisi mwenyewe ndiye aliyemtwisha."

"Hakukamatwa?"

"Hakukamatwa."

"Vizuri," alisema Mzee Ombati, kisha akakumbuka yeye ni nani. "Yaani, si vizuri. Alitubu?"

"Hakutubu."

"Basi hiyo ni kazi ya sura zinazokuja," akasema, akajifuta jasho.

Msimamizi wa Tawi alitukuta katika hali hiyo. Alishuka kwenye gari la kukodi akiwa na glavu nyeupe na sanduku lake la bati. Aliuliza kitabu kiko wapi. Kilikuwa kwenye matope. Akauliza nani amekigusa.

"Mimi," akasema Bosibori bila kuinuka.

"Na huyu, nani amemgusa?"

Niliona kazi yangu inaondoka. Mzee Ombati akasimama, akiwa na shati tu, koti lake likiwa bado chini. "Mimi nimemgusa. Na koti langu. Na dereva. Na huyu mama amempa maji kwa kikombe tunachonywea sote. Kanuni yako inasemaje, bwana mkubwa?"

Msimamizi akatoa karatasi, akasoma kwa sauti: kila kitu kilichogusana na kilichoambukizwa kifukizwe. Akamtazama mzee. Akatazama watu arobaini, vikapu, mzani, karani. Akatazama sanduku, ambalo lilitosha vitabu vinane tu.

"Mzee wangu," akasema kwa masikitiko ya kweli, "hutaenea."

Sijawahi kusikia kituo kikicheka vile. Hata dereva wa lori aliyekuja kugomba alisahau alichokuja kusema. Na wakati kicheko kikiendelea, Mzee Ombati aliniomba ile fomu, akaomba na kalamu, akamkabidhi kwanza Bosibori aandike jina lake, kisha akaipokea kalamu mkononi mwake na kusaini kama mdhamini kwa herufi kubwa zilizojaza mistari miwili.

Kitabu kilifukizwa hata hivyo, kwa ajili ya nidhamu. Sura zilizobaki nilizisoma nikitiririka machozi, na waliokuwa mbali walinisifu kwa hisia zangu. Mganga wa hospitali ya Nyamira aliandika barua fupi kwamba kifafa hakiambukizi, wala kwa kitabu wala kwa kikombe, akampa Bosibori dawa. Kuanguka kulipungua, hakukuisha. Mama Kemunto aliutoa ule msumari mwenyewe, ingawa alidai alikuwa na haja nao kwingine. Wako waliohamia kituo kingine cha majani ili wasipimiwe baada yake. Sitasema walikuwa wachache.

Mimi nilipata adhabu ya miezi sita katika katalogi, kuandika kadi mpya za vitabu elfu na zaidi kwa mkono. Kisha Msimamizi akanirudisha kwenye gari, bila maelezo. Nimtendee haki: kila ninachojua cha kutibu kitabu mgonjwa alinifundisha yeye. Mwaka aliohamishwa alinikabidhi funguo, akasimama kidogo mbele ya sanduku lake. "Nilikuwa naogopa, Moraa," akasema. "Nilidhani ni usafi." Msimamizi aliyemfuata hakujali miguu ya mtu. Yeye alichojali ni watu kukunja pembe za kurasa, na hilo nalo lilitutesa miaka minane.

Nimestaafu zamani. Wanafunzi huja kwangu na maswali yao ya fasihi: eleza jinsi mhusika anavyobaguliwa katika nyakati ngumu. Wanajua kuorodhesha sababu na kupigia mstari, na wanapata alama nzuri. Nami huwaambia kwamba pale kituoni tulimlilia Marta wiki nne, kwa moyo safi kabisa, huku mkebe ukipita dirishani juu ya vichwa vyetu. Riwaya haikututoa dhambi hiyo. Ilichofanya ni kutufanya tutake kujua mwisho wake, na mtu aliyekuwa na mwisho huo mdomoni alikuwa yule tuliyemweka nje. Na huwaambia wasiruke sura ambayo mnyonge anakuwa mkorofi.

Wananiuliza kama Bosibori alikubalika. Huwa nawasimulia Jumatano moja, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nilipopita pale nikiwa nimeshakuwa msimamizi mimi mwenyewe. Yeye na Mzee Ombati walikuwa wameazima riwaya nyingine kwa zamu, na walikuwa wamekosana juu ya hakimu wa kwenye hadithi kiasi cha kutosemeshana tangu mavuno ya mahindi. Walikaa hatua tatu tu mmoja kutoka kwa mwingine.

"Mwalimu," mzee akaniambia, "mwambie yule mwanamke hakimu alifuata sheria."

"Yuko hapo, tata. Anakusikia."

"Sisemi naye. Mwambie."

Nikamwambia. "Mwambie huyo mzee," akajibu Bosibori, "amesoma kwa ndevu. Arudie ukurasa wa mia na kumi."

Nikapeleka. Nikaletewa jibu. Nilizunguka hatua hizo tatu mchana mzima, na karani wa majani akaniuliza kwa nini mkubwa wa maktaba anatabasamu peke yake kama aliyepandishwa cheo. Nilikuwa nawaza kwamba katika miaka yote ya zamani, watu walimzunguka Bosibori, walimhurumia, walimkwepa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumkasirikia kiasi cha kumnunia msimu mzima.

"Mwalimu!" mzee akaniita tena, uso umemvimba. "Umemwambia?"

"Nimemwambia, tata."

"Anasemaje?"

"Anasema umekosea."

"Mwambie naenda kulifikiria hilo," akasema Mzee Ombati. "Lakini Jumatano ijayo nitakuja na majibu, na asithubutu kukosa."